Kila Mtoto na Mama Yake

SOMO LA 8

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 38, 2 Sam. 3:2–5, 2 Sam. 13:1–29, 1 Fal. 1:5, 6, Amu. 11:1–11, Kum. 21:15–17; Yn. 8:1–11, 1 Tim. 5:8.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 38:26. Lisome katika Biblia yako, kisha ulikariri pamoja na darasa lako.

Kuna maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasikia, kisimani, sokoni Tukuyu, hata nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada. Mama anapita na watoto wake watatu, na mtu anasema kwa sauti ya chini: "Yule, kila mtoto na baba yake." Inatosha. Hakuna anayehitaji maelezo zaidi. Mama huyo amekwisha kuhukumiwa.

Sasa jiulize ni lini uliwahi kusikia mtu akisema juu ya mwanamume, "Yule, kila mtoto na mama yake." Mimi nimetumika katika elimu ya kanisa kwa miaka zaidi ya ishirini, na sijasikia. Wanaume wa namna hiyo wapo. Wengine wanaimba kwaya, wengine wanahesabu sadaka. Hesabu ya watoto watatu kwa mama watatu ni ileile ya watoto watatu kwa baba watatu, lakini lugha yetu yenyewe imewagawa. Mwanamke "kazalishwa", "kazalia nyumbani". Mwanamume "ana mtoto wa nje", kana kwamba mtoto ni kuku aliyezurura kidogo na jioni atarudi bandani.

Juma hili tutajifunza jinsi Biblia inavyohesabu. Tutaona kwamba Neno la Mungu halimfichi baba.

*Jifunze somo hili kwa maombi. Huenda katika darasa lako yupo mama, kijana au baba ambaye habari hii ni ya nyumbani kwake.*

JUMAPILI

Muhuri, Kamba na Fimbo

Soma Mwanzo 38:6–26. Yuda alikuwa na watoto na wanawake wangapi? Tamari alizaa na wanaume wangapi?

Fanyeni hesabu hii taratibu, kwa maana wengi tunasoma sura hii tukiwa na haraka ya kuimaliza. Yuda alizaa wana watatu na binti Shua: Eri, Onani na Shela. Baadaye alizaa mapacha, Peresi na Zera, na Tamari, mjane wa mwanawe. Tamari hakupata mtoto kwa Eri wala kwa Onani. Kwa hiyo mwenye watoto na watu wawili ni Yuda, na mwenye watoto na mtu mmoja ni Tamari. Hata hivyo, anayetolewa nje ateketezwe ni Tamari.

Kwa nini? Kwa sababu mimba yake ilikuwa na miezi mitatu, nayo inaonekana. Dhambi ya Yuda ilibaki njiani Timna. Alimtuma rafiki yake Hira na mwana-mbuzi ili arudishiwe rehani yake, na alipoambiwa mwanamke haonekani, hofu yake ilikuwa moja tu: watu wasije wakawacheka (fungu la 23). Alitaka jambo liishe. Na lingeisha kabisa kama Tamari asingekuwa ametunza muhuri, kamba na fimbo. Vitu hivyo vitatu vilikuwa kitambulisho cha mtu wa zamani zile. Tamari hakupiga kelele wala hakumtaja mtu kwa jina. Alivituma tu, akaomba mwenyewe avitambue.

Yuda akavitambua. Angeweza kusema vimeibwa, lakini alikiri mbele za watu kwamba mwanamke huyu ni mwenye haki kuliko yeye, kisha akataja kosa lake mahususi: hakumpa Shela kama alivyoahidi. Hakusema kwa ujumla kwamba sote ni wenye dhambi.

Hapa naomba niseme jambo langu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa kanisa moja milimani huku kwetu, sitalitaja. Binti wa kwaya alipata mimba. Baraza la kanisa lilikaa, na kwa muda usiozidi nusu saa tulikubaliana kupendekeza afutwe ushirika. Alisimama mbele ya mkutano wa washiriki amevaa kanga ya mama yake. Hakuna aliyeuliza baba wa mtoto ni nani, ingawa nusu ya waliokuwemo tulijua: kijana wa kanisa letu wenyewe, fundi seremala. Miezi michache baadaye kijana huyo alipata kazi mkoa mwingine, akaomba uhamisho wa ushirika. Barua niliiandika mimi. Niliandika kwamba ni mshiriki mwenye sifa njema.

*Je, katika kanisa lako yupo mtu aliyehukumiwa kwa sababu tu kosa lake lilionekana? Nani hakuulizwa?*

JUMATATU

Wana Sita wa Hebroni

Soma 2 Samweli 3:2–5. Orodhesha majina ya wana na majina ya mama zao.

Hii ndiyo orodha ambayo kwa Kiswahili cha kawaida ungeiita "kila mtoto na mama yake". Amnoni wa Ahinoamu. Kileabu wa Abigaili. Absalomu wa Maaka. Adoniya wa Hagithi. Shefatia wa Abitali. Ithreamu wa Egla. Wana sita kwa mama sita. Mwandishi wa Biblia hawafichi akina mama, wala hamsifu baba. Anaandika tu, halafu anatuacha tusome sura zinazofuata.

Soma 2 Samweli 13:1–22, kisha 1 Wafalme 1:5, 6. Daudi alifanya nini watoto wake walipokosa?

Amnoni alimnajisi Tamari, dada wa Absalomu kwa mama mmoja. Daudi alisikia yote, akakasirika sana, na hapo habari yake inaishia. Hakumwita Amnoni. Hakumfariji binti. Kwa miaka miwili mizima nyumba ile ilikaa kimya, hata Absalomu alipomwua ndugu yake kwenye karamu ya kukata manyoya ya kondoo. Juu ya Adoniya imeandikwa kwamba baba yake hakuwahi kumsumbua kwa kumwuliza kwa nini umefanya hivi. Baba hakuuliza!

Wengi hufikiri shida ya baba mwenye watoto kwa wanawake kadhaa ni fedha. Daudi hakukosa fedha. Alikosa nafasi ya kusimama katikati ya watoto wake. Akimkemea wa Ahinoamu, atasemwa kwamba anampendelea wa Maaka. Akimtetea wa Maaka, upande wa pili utanung'unika. Basi ananyamaza. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali wanapoachiwa na baba mwenye kunyamaza, kila mmoja hujifunza kumtegemea mama yake tu na kuwatazama wengine kama washindani. Mzee mmoja wa huku Rungwe aliniambia kwamba anao watoto tisa, na mkutano wa pekee ambao wote watahudhuria ni mazishi yake. Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka.

*Baba, kama unao watoto wasioishi nyumba moja: ni lini mara ya mwisho uliuliza, "Kwa nini umefanya hivi?" au hata, "Umeshindaje?"*

JUMANNE

Ng'ombe, Barabara na Jina la "Mwa-"

Kabla ya kuwalaumu vijana wa leo, tukumbuke tulikotoka. Godfrey na Monica Wilson, wataalamu wa mila waliokaa Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwa urefu habari za Wanyakyusa wa wakati ule. Ng'ombe wa mahari ndiye aliyeamua mtoto ni wa nani. Ng'ombe wakitolewa, watoto ni wa ukoo wa mume. Wasipotolewa, mtoto ni wa nyumba ya babu mzaa mama. Wazee wenye ng'ombe wengi walioa wake wengi, vijana walingoja miaka mingi, na mjane alirithiwa pamoja na shamba la migomba. Hivyo mwanamume aliweza kuwa na watoto kwa wanawake wanne akaitwa mtu mkubwa. Mwanamke aliyezaa na watu wawili nje ya utaratibu huo alirudishwa kwao.

Kisha ikaja njia. Wanaume wa Rungwe walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, wengine wakavuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine hadi Afrika Kusini. Waliporudi baada ya miaka walileta baiskeli na mablanketi. Watoto waliowazaa kule hawakuwaleta. Leo ni malori ya ndizi na maparachichi yanayoteremka Dar es Salaam, na ni barabara ya Uyole, Kiwira, Tukuyu hadi mpakani Kasumulu. Mwanamume ana miguu. Mtoto wake wa Kyela hamjui wa Chunya, na mchumba wake wa Tukuyu hajui wote wawili. Huyo anafunga ndoa akiitwa kijana ambaye hajaoa bado.

Mwanamke hana njia hiyo. Mimba inamkuta alipo. Kama ni mwanafunzi, kwa miaka mingi ilikuwa kwamba yeye anafukuzwa na mvulana anabaki darasani. Ni Novemba 2021 tu serikali yetu ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi shuleni. Mtoto anaandikishwa kwa jina la babu mzaa mama, lile la "Mwa-" lisilo la baba yake. Baadaye mama anapata mchumba, na mara nyingi mchumba hataki kulea mtoto wa mtu mwingine. Basi wa kwanza anabaki kwa bibi. Mchumba anataka mtoto wa kwake kwanza, ndipo afikirie kupeleka barua ya posa. Mtoto anazaliwa, barua haiji. Sasa mama ana watoto kwa baba wawili, na majirani wanasema maneno yale. Yeye hakuwa akitafuta wanaume wawili. Alikuwa akitafuta mume mmoja, mara mbili.

Nasema haya bila kuosha dhambi. Amri ya saba haina jinsia. Lakini tuone kwamba watu wawili wenye hesabu moja ya watoto wanaweza kuwa wamefika hapo kwa njia tofauti kabisa, na mzigo wanaoubeba si mmoja.

Jambo moja limenishangaza. Katika madodoso ya tafiti za afya na idadi ya watu zinazofanywa katika nchi nyingi, mwanamke huulizwa juu ya kila mtoto aliyemzaa, mmoja mmoja: tarehe, jinsia, yu hai au la. Mwanamume huulizwa kama watoto wake wote ni wa mama mmoja, na kama sivyo, amezaa na wanawake wangapi. Wenye takwimu walikwisha kujua ni nani wa kuulizwa swali hilo. Sisi kwenye mabaraza yetu bado.

Kanisa letu nalo halikuwa kipofu nyakati zote. Mwaka 1941 Konferensi Kuu ilipitisha azimio juu ya ndoa za wake wengi. Mwanamume alitakiwa kubaki na mke mmoja kabla ya ubatizo. Mke aliyejikuta katika ndoa ya namna hiyo, ambaye kwa desturi hawezi kujitoa, aliweza kubatizwa. Ndugu wale waliona kwamba mume na mke hawakuwa na uhuru sawa. Tena walisema kwamba mwanamume anayeachana na wake wengine anatarajiwa kuwatunza wao na watoto wao kadiri ya uwezo wake. Sehemu ile ya kwanza tuliifundisha kwa bidii. Hii ya mwisho nimeisikia ikihubiriwa mara chache mno.

JUMATANO

Aliyefukuzwa Nyumbani kwa Baba

Soma Waamuzi 11:1–11. Nani walimfukuza Yeftha, na walimfukuza lini?

Angalia: si Gileadi aliyemfukuza. Baba alimtambua, kwa maana Yeftha alikaa katika nyumba ile. Waliomfukuza ni wana wa mke, walipokuwa watu wazima, na sababu waliyotoa ni urithi. Ndivyo inavyotokea kwetu. Baba akiwa hai mtoto wa nje anapewa kikombe cha chai na anaitwa mwanangu. Siku ya msiba anaambiwa akae na majirani. Mambo ambayo baba hakuyaweka wazi kwa kinywa chake yanaamuliwa na ndugu wenye hasira huku jeneza likiwa ndani.

Soma Kumbukumbu la Torati 21:15–17. Sheria hii haisifu kuoa wake wawili. Inamkuta mtu aliyekwisha kuwa na watoto kwa wanawake wawili, mmoja anayempenda na mwingine asiyempenda, nayo inamwambia: hisia zako kwa mama zao hazitafika kwa watoto. Yule wa asiyependwa, akiwa ndiye aliyezaliwa kwanza, ataitwa mzaliwa wa kwanza, naye atapewa sehemu yake. Mungu aliingia ndani ya hesabu iliyoharibika ili mtoto asilipe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inaelekea huko huko. Mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii anaweza kuiomba mahakama itamke nani ni baba, na vipimo vya vinasaba vinaweza kuamriwa. Baba atagharimia matunzo. Akina mama wengi wa vijijini hawajui kwamba ofisi ya ustawi wa jamii ipo kwa ajili yao pia. Kiongozi wa Huduma za Familia katika kanisa ajue njia ya kufika kwenye ofisi hiyo, na aifahamu kabla ya kuombwa.

ALHAMISI

Mwanamume wa Yohana 8

Soma Yohana 8:1–11 pamoja na Walawi 20:10. Nani hayupo?

Torati ilidai wote wawili. Waliomleta mama yule walisema amefumaniwa katika tendo lenyewe, maana yake walimwona na mwanamume pia. Wakamwacha aondoke. Yesu hakumwambia mama yule kwamba hakutenda dhambi. Alimwambia aende asitende tena. Lakini kwanza aliwageuzia waume wale macho yao ndani, nao wakatoka mmoja mmoja, wakianzia wazee.

Toba ya mwanamume katika jambo hili inaonekanaje? Mara nyingi tunaikubali iliyo ya jumla: "Ujanani nilikosea, Bwana amenisamehe." Amina. Lakini Yuda alitaja jambo lenyewe. Baba anayetubu anaweza kuanza kwa majina: mtoto huyu anaitwa nani, ana miaka mingapi, yuko darasa gani, anaishi kwa nani. Kisha amwambie mkewe, kwa maana hilo ndilo zito. Ndugu zangu, najua ni zito. Kuna ndoa zitakazotikisika, na mchungaji au mzee wa kanisa awe karibu. Lakini mke atayasikia tu, kama si kwako, basi kaburini. Paulo katika 1 Timotheo 5:8 hakuweka umri wa mtoto wala cheti cha ndoa ya mama yake.

Nirudi kwa binti yule wa kwaya. Miaka mingi ilipita. Katika makambi ya mwaka mmoja nilikuwa nafundisha darasa la ubatizo, na kijana mmoja alijaza fomu. Mahali pa jina la baba aliandika jina ninalolijua: la babu yake mzaa mama. Nikafuatilia, nikamkuta mama yake akichuma chai. Nilimwomba radhi kwa kura niliyopiga na kwa barua niliyoandika. (Ameniruhusu kuyaandika haya.) Hakulia wala hakunifariji. Alisema, "Mwalimu, fedha zake sizihitaji sasa, kijana amekua. Wewe uliandika barua ya kumtoa huku akiwa safi. Andika nyingine. Siku baba yake akifa, mwanangu asizuiwe mlangoni."

Barua niliiandika, nikaituma kwa mtu mwenyewe na si kwa kanisa lake, kwa sababu Mathayo 18:15 inaanza na wawili. Jibu halikuja kwa miezi mitano. Kisha Jumapili moja alishuka kwenye basi dogo hapa Tukuyu, mzee mwenye mvi, ameshika mfuko wa plastiki, akaniuliza njia ya kwenda kwao. Nilimwonyesha. Sikwenda naye, na waliyoyazungumza siyajui.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma katika kitabu cha Ellen G. White, *Wazee na Manabii*, habari za Ibrahimu, Hajiri na Ishmaeli, ukilinganisha na Mwanzo 16 na 21:8–21. Angalia ni mara ngapi malaika anamwita Hajiri kwa jina lake, na jinsi Sarai na Abramu wanavyomtaja katika Mwanzo 16. Kisha soma Mathayo 1:3. Mathayo angeweza kuandika "Yuda akamzaa Peresi" akaendelea, kama alivyofanya kwa wengi. Kwa nini alimtaja mama?

Maswali ya Kujadili:

Kama binti wa kanisa lenu akipata mimba leo, ni maswali gani baraza litamwuliza yeye? Ni maswali gani litamwuliza baba wa mtoto, na nani atatumwa kumwuliza?

Mshiriki wa kiume mwenye watoto asiowatunza anaomba kufungishwa ndoa kanisani. Je, barua za watoto hao ziwe sehemu ya maandalizi ya ndoa? Wengine watasema tunachimba yaliyozikwa. Mtajibu nini?

Kuna akina mama waliofutwa ushirika zamani, nao wanakaa nje ya uzio wa kanisa wakisikiliza kwaya kila Sabato. Kabla ya Sabato ijayo, nani katika darasa lenu atakwenda kuwatembelea, na atasema nini akiulizwa, "Yule mwenzangu yuko wapi?"